Patiko, Bigo au Munsa: ngome ipi ya kale uipande kwanza?

Wageni wanaorudi wamenuna kutoka Bigo bya Mugenyi, ngome ya kale nchini Uganda, huwa wamenuna kwa sababu moja: walikwenda kutafuta kuta. Ngome waliyokuwa nayo akilini ni ya mawe na mizinga, mfano wa Fort Jesus kule Mombasa, na Bigo haina ukuta. Ina mahandaki, kilomita zaidi ya 10 za mahandaki yaliyochimbwa kwa mikono karne tano au sita zilizopita, na nyasi zimeota juu yake tangu hapo. Mtu huyohuyo ukimpeleka Patiko, kaskazini mwa Gulu, anarudi ameridhika, maana kule jiwe linaonekana, chumba kinaonekana, na mwamba wa kupanda upo.

Kwa hiyo usianze na nauli wala umbali. Jiulize kwanza macho yako yanataka nini. Patiko inajieleza yenyewe. Bigo lazima uisome. Munsa iko katikati ya hizo mbili, na kwa watu wengi wenye siku moja tu ndiyo inayofaa, ingawa ndiyo isiyotajwa sana.

Nani alijenga, na lini

Patiko ni changa, haijatimiza hata karne mbili. Iko kwenye kilima cha mawe cha Ocecu, kama kilomita 30 kutoka mjini Gulu. Wafanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu waliotoka Khartoum waliifanya kituo chao. Mwingereza Samuel Baker, aliyetumwa na Khedive (mtawala) Ismail wa Misri kuieneza mamlaka yake huku juu ya Nile, alifika mwaka 1872, akasonga hadi Masindi, majeshi ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro, yakamfurusha, akarudi Patiko. Agosti mwaka huohuo alipigana hapo na watu wa Abu Saud, mmoja wa wafanyabiashara hao wa watumwa, akawashinda, akaitia ngome handaki na ghala. Baada yake Patiko ilibaki kituo cha Equatoria, jimbo la Misri, chini ya magavana Charles Gordon na kisha Emin Pasha, hadi utawala huo ulipovunjika mwishoni mwa miaka ya 1880.

Bigo na Munsa ni za zama nyingine kabisa. Vipimo vya waakiolojia vinaziweka kati ya karne ya 14 na ya 16. Peter Shinnie alichimba Bigo mwaka 1957, Merrick Posnansky akafuata mwaka 1960. Munsa ilichimbwa na Peter Robertshaw kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990. Masimulizi ya falme za Bunyoro, Nkore na Buganda yanazihusisha na Bacwezi, watawala wa kale wa masimulizi hayo: Bigo ni ya Mugenyi, yule ambaye ng'ombe wake Bihogo alipokufa nusura ajinyonge kwa uchungu, Munsa inatajwa kuwa makao ya Kateboha. Udongo umethibitisha kwamba wakazi walifuga ng'ombe, walifinyanga vyungu na walikuwa na mamlaka ya kuwakusanya watu wengi wachimbe. Majina ya watawala haukuyataja.

Kwa msomaji wa Kiswahili majina yenyewe ni somo. Mugenyi ni mgeni. Bigo ni ndugu wa neno letu ugo, yaani uzio unaozunguka boma. Munsa inatokana na maneno ya Kinyoro yanayomaanisha penye mahandaki. Aliyezipa jina alishakuambia utakachokiona, na kuta hazimo.

Utakachokiona Patiko

Unaingia kwenye uwanja uliozungukwa na handaki linaloishia kwenye mwamba pande zote mbili, kama upinde uliofungwa kwenye ukuta. Handaki limejaa udongo kwa sehemu kubwa; simama ndani yake uangalie juu ndipo uelewe kina chake cha zamani. Katikati ya uwanja zimesimama kuta za mawe za vyumba vitatu vya ghala, bila paa, milango yake mifupi kiasi cha kukulazimu kuinama. Nyuma yake ndipo miamba inapoanza: mianya ambamo mateka walifungiwa, njia nyembamba kati ya mawe mawili makubwa, mahali pa kunyongea, na alama kwenye jiwe ambazo waelekezi husema ni za mashoka. Juu kabisa unaliona bonde lote la Acholi, na unaelewa mara moja kwa nini mlinzi mmoja mwenye macho mazuri alitosha.

Zile ghala zisikupite hivihivi. Vipeperushi vinapenda kuiuza Patiko kama mahali watumwa walipokombolewa, basi. Muulize mwelekezi nafaka iliyojazwa humo ilitoka shamba la nani. Jibu la mzee wa Kiacholi lina uzito kuliko bango lolote.

Saa moja na nusu hadi mbili zinatosha. Mtoto wa miaka minane anaweza kupanda akishikwa mkono. Mzee mwenye magoti mabovu ataona ghala na handaki bila shida, ila kileleni asiende.

Bigo, na namna ya kusoma handaki

Hapa ndipo tunapokaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari huharibika.

Bigo iko wilaya ya Sembabule, ukingo wa kusini wa mto Katonga, kwenye mwinuko unaotazama kinamasi cha mafunjo. Kuna mfumo wa ndani wa mahandaki uliozunguka kilele, penye vilima vidogo vya udongo vilivyotengenezwa na watu, na kuna handaki kubwa la nje linalozunguka eneo pana hadi kwenye mto. Sehemu nyingine limekatwa ndani ya mwamba wenyewe, na palipohifadhika linafika kina cha mita 4 hivi. Lina mapengo mengi ya kupitia. Mapengo hayo ndiyo yaliyowafanya wataalamu waulize kama kweli ni ngome ya vita. Mwenye kuogopa adui haachi milango mingi hivyo. Huenda kazi kubwa ilikuwa kuzuia ng'ombe na kuonyesha mpaka wa mfalme. Ukifika ukiwa na swali hilo, kila pengo linakuwa na maana; ukifika bila hilo, unaona shimo lenye nyasi.

Mambo manne yatakusaidia.

Kwanza ni jua. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, au baki hadi baada ya saa kumi alasiri. Jua likiwa limeinama, kivuli kinalaza mstari mweusi ndani ya kila handaki. Saa sita mchana kivuli hakuna, ardhi inakuwa bapa, na picha zako zote zitaonyesha malisho ya kawaida. Kosa hili ndilo la kwanza kwa wanaotoka Kampala asubuhi na kufika mchana wakidhani wamewahi.

Pili, tazama rangi ya nyasi. Chini ya handaki maji hutuama na udongo laini hujaa, kwa hiyo nyasi hubaki kijani wiki kadhaa baada ya zile za juu kukauka. Mwanzoni mwa kiangazi mstari huo wa kijani unaonekana kutoka mbali kuliko shimo lenyewe.

Tatu, tembea kulifuata handaki, usilikate tu na kupita. Ukilikata unaliona kwa hatua tano. Ukilifuata mita 300 utaona linavyopinda, linavyoshuka bondeni, mahali lilipoachiwa mlango, na upande ambao udongo ulitupwa. Kumbuka pia kwamba sakafu unayokanyaga siyo sakafu ya wachimbaji. Karne za mvua zimeiinua.

Nne, pakua picha ya setilaiti ya eneo zima kwenye simu kabla ya kuondoka mjini. Ukiwa chini huwezi kuliona umbo lote la Bigo kwa pamoja, na mtandao wa huko si wa kutegemea.

Tenga saa tatu hadi tano za kutembea. Na usiende Bigo bila kusimama Ntusi, iliyo njiani. Ntusi ilikaliwa kabla ya Bigo, kuanzia karne ya 11 hivi, na ina vilima viwili vikubwa vya taka za kale: mifupa ya ng'ombe, majivu na vigae vya vyungu vilivyopambwa kwa kuviringisha nyasi zilizosukwa kwenye udongo mbichi. Karibu yake kuna bonde la Bwogero, lililochimbwa na watu, na wengi hulihusisha na maji ya kunyweshea mifugo. Ntusi inakueleza watu hao walikula nini na waliishi kwa nini. Bila hiyo Bigo ni mifereji tu.

Munsa kwa ufupi

Munsa iko Kakumiro, kilomita chache kutoka mjini. Kilima chake cha kati kinaitwa Bikekete: miamba, mapango, na juu yake mandhari ya mashamba pande zote. Mahandaki yanakizunguka kwa duara, moja nje ya jingine. Mengine yamechimbwa kwa umbo la V na mengine yana sakafu bapa, na pana zaidi hufika mita 7 kwa kina cha mita 3. Uchimbaji ulipata makaburi, tanuri la kuyeyushia chuma na shanga za kioo. Hizo shanga zisikupite: kioo hakikutengenezwa huku wakati huo, kwa hiyo zilisafiri kutoka mkono hadi mkono tangu pwani ya Bahari ya Hindi, njia ambayo lugha hii unayosoma nayo iliifuata baadaye.

Faida ya Munsa ni kwamba una jiwe la kupanda na handaki la kusoma mahali pamoja, kwa saa mbili au tatu. Hasara yake ni mashamba. Watu wanalima hadi ukingoni, na sehemu nyingine ndani ya handaki lenyewe, hivyo kuna vipande ambavyo migomba na mahindi vimevimeza. Usikanyage mazao ukitafuta mstari. Omba mwenye shamba akuonyeshe, anajua jembe lake hugonga wapi.

Njia na usafiri

Kwenda Patiko ni rahisi kwa asiye na gari. Kampala hadi Gulu ni zaidi ya kilomita 330 za lami kupitia Karuma. Panda basi la alfajiri, ulale Gulu, uende ngomeni asubuhi inayofuata. Kutoka Gulu ni barabara ya udongo, kwa boda boda kama saa moja kiangazi. Patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja, na ulipe nusu ya mwisho mkirudi mjini. Ukimwacha wa boda aondoke utakaa chini ya mwembe ukingoja pikipiki itakayopita kwa bahati.

Munsa nayo haina taabu. Lami ya Kampala hadi Mubende, kisha lami ya Mubende kwenda Kakumiro na Kagadi. Teksi zipo hadi Kakumiro, halafu boda boda. Mwenye gari dogo la kawaida anafika bila kuomboleza.

Bigo ndiyo inayodai gari. Kampala, Masaka, Sembabule, Ntusi, kisha njia za ng'ombe. Hadi Ntusi gari la kawaida linajitahidi kiangazi. Mbele ya hapo unataka gari la juu lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, na kipande cha mwisho ni miguu. Jaza mafuta Masaka au Sembabule, beba gurudumu la akiba lenye upepo (pima kabla hujaondoka, si kesho yake), na chukua mwelekezi Ntusi. Kuzunguka peke yako kunaishia kwenye uzio wa ranchi, kwa sababu njia hugawanyika bila kibao na zote zinafanana. Kwenda na kurudi Kampala siku moja kwa Bigo ni kujidanganya: utafika saa ile mbaya ya jua la utosi na kurudi gizani. Lala Masaka au Sembabule.

Msimu

Magharibi na kati mvua hunyesha Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Kwa Bigo na Munsa chagua Januari, Februari, au mwishoni mwa Juni hadi Julai. Mvua ikikolea, tatizo si matope ya Ntusi peke yake. Mei 2023 mafuriko ya Katonga yalikata barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, na wasafiri wakazungushwa mbali.

Kaskazini kuna kiangazi kimoja kirefu, Desemba hadi Machi. Kwa Patiko nyakati mbili ni nzuri kwa sababu tofauti. Desemba hewa ni safi na unaona mbali. Februari nyasi zimechomwa, handaki liko wazi kabisa, ila vumbi na moshi vimefunika upeo na joto la mwamba linapita kwenye soli. Miezi ya mvua panda asubuhi tu. Radi za alasiri si mchezo, na mtu aliyesimama juu ya mwamba mtupu ndiye kitu kirefu kuliko vyote pale. Mwamba ukilowa nao una ukoga unaoteleza. Wengi huanguka wakishuka, si wakipanda.

Yanayouma na yanayochoma

Bigo ni nchi ya ng'ombe, na penye ng'ombe pana kupe. Vaa suruali ndefu, ingiza miguu yake ndani ya soksi, na jikague usiku huohuo nyuma ya magoti na kiunoni. Jioni mbu wa kinamasi hutoka kwa wingi. Ng'ombe wa Ankole wenye pembe kubwa ni wapole, lakini usijiweke kati ya mama na ndama. Patiko hatari ni nyufa: usitie mkono mahali macho hayajatangulia, nyoka hupenda kivuli hicho. Munsa chukua tochi ya mapango, ile ya simu haitoshi.

Maji: lita 3 kwa kila mtu Bigo, lita 2 Patiko na Munsa. Chakula cha Bigo kibebe. Karibu na Patiko na Munsa kuna miji ya kurudia.

Ada na adabu

Ada ya kiingilio hutofautiana kwa raia, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wengine. Nenda na kitambulisho na noti ndogo, na dai risiti. Mahali pasipo na mlinzi, anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hakuna njia fupi zaidi ya kumpata mwelekezi wa kweli, na ukipita bila kumsalimu, mtu wa kwanza atakayekukuta ukipiga picha shamba la watu atakupeleka kwake hata hivyo.

Bigo na Munsa ni mahali pa ibada kwa watu wengi hadi leo. Ukikuta watu wamekaa wanaomba, ngoja, salimia, uliza kabla ya kutoa simu. Mwelekezi akisema vua viatu, vua. Kigae au ushanga ukiuona chini, uache ulipo. Kuviokota ni kosa tangu sheria ya minara ya kihistoria ya mwaka 1967, na kigae kilichohamishwa hakimwambii tena mtaalamu kilitoka tabaka gani. Droni usiirushe bila kibali.

Sasa chagua

Ukiwa na watoto, au ukienda Murchison Falls, chukua Patiko. Jina la Murchison lilitolewa na Baker huyohuyo mwaka 1864, hivyo safari inaungana yenyewe.

Ukielekea Fort Portal, chepuka Mubende kwenda Munsa, kisha endelea Kagadi hadi Kyenjojo bila kurudi nyuma. Mubende pandisha kilima uone mti wa Nakayima, kilomita 4 hivi kutoka mjini. Mizizi yake imesimama kama kuta za vyumba, na watu huingia humo kuomba.

Bigo mwachie mwenye siku mbili, gari la uhakika na subira. Kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote, na pia ndiyo inayowachosha zaidi waliopelekwa na wenzao bila kuulizwa. Usimlazimishe mkeo, mumeo wala wanafunzi 60 wa darasa la sita.

Dufile, ile ngome ya Gordon ukingoni mwa Nile wilaya ya Moyo, ambako Emin Pasha alizuiliwa na askari wake walioasi mwaka 1888, ni ya yule aliyekwisha kuona Patiko akataka mwendelezo. Ila ni ya tambarare, si ya mlimani. Katasiha, nje kidogo ya Hoima, ilijengwa mwaka 1894 na Waingereza waliokuwa wakimwinda Kabalega; kilichobaki ni handaki na pango, nusu saa inatosha, na kaburi la Kabalega liko Mparo, mji huohuo.

Mwenye nusu siku tu Kampala aende Old Kampala, kilima ambako Mwingereza Lugard alijenga boma lake baada ya kufika Desemba 1890. Boma la awali halipo. Nakala yake imejengwa pembeni mwa Msikiti wa Kitaifa. Kama boma ni dogo na halisisimui. Panda mnara wa msikiti badala yake: kutoka juu unaona vilima vyote vya mji na kwa nini kila aliyeutaka mji huu alianza kwa kukitaka kilima. Wanawake hupewa shuka na kitambaa cha kichwa mlangoni. Kaptura pia hufunikwa, hata ya mwanamume.